Namba ya Waliokufa na Aliyeihesabu: Tulichojifunza Tukihariri Makala za Vita Kutoka Kigoma

Ugomvi mwingi katika makala za vita za kamusi elezo ya mtandaoni, Wikipedia, hauanzi kwenye maelezo ya mapigano. Unaanza kwenye kisanduku kile cha pembeni, mstari wa "waliokufa". Aya nzima juu ya chanzo cha vita inaweza kukaa miaka bila kuguswa, lakini namba moja ndani ya kisanduku ikabadilishwa kila siku: mmoja anaandika milioni 5.4, mwingine anafuta na kuweka laki mbili, wa tatu anarudisha ya kwanza bila neno la maelezo. Kwa sisi tunaohariri kwa kujitolea tukiwa Kigoma, hizo si habari za mbali. Kibirizi inapokea boti za kutoka Kongo. Nyarugusu iko Kasulu. Ulyankulu, upande wa Tabora, ni makazi yaliyofunguliwa kwa waliokimbia Burundi mwaka 1972. Anayebishana nawe kwenye ukurasa wa majadiliano huenda ni mtoto wa mtu aliyehesabiwa, au wa mtu ambaye hakuhesabiwa kabisa.

Jambo linalobeba mengine yote ni hili: idadi ya waliokufa vitani haisimami peke yake. Inahitaji kuambatana na majibu ya maswali matano. Nani alihesabu? Alihesabu watu gani? Katika eneo lipi? Kuanzia tarehe ipi hadi ipi? Na kwa njia ipi: kwa majina yaliyoandikwa, kwa miili iliyozikwa, kwa taarifa za magazeti, au kwa uchunguzi wa kaya uliopigiwa hesabu ya nchi nzima? Jibu moja likikosekana, namba inabaki haina mwenyewe na kila mtu anaivuta kwake. Mabishano mengi yanayokuja kwa sura ya "nani mkweli" huisha mara majibu hayo yanapoandikwa, kwa sababu pande mbili hugundua kuwa zilikuwa zinazungumzia vitu viwili. Yale yasiyoisha ndiyo mgogoro wa kweli, na msomaji ana haki ya kuuona mgogoro huo ulivyo.

Vita vya Pili vya Kongo ndivyo darasa letu kubwa. Namba ya milioni 5.4 inatoka kwa shirika la misaada la International Rescue Committee, katika taarifa yake iliyotolewa mwaka 2008. Ilikuwa ya tano katika mfululizo. Ya kwanza, ya mwaka 2000, ilisema milioni 1.7 kwa mashariki ya nchi. Zikafuata milioni 2.5, milioni 3.3, kisha milioni 3.9, na hiyo ya nne ikachapishwa katika jarida la tiba la Lancet Januari 2006. Ya tano ilitembelea kaya 14,000 katika kanda 35 za afya, na ikahesabu kuanzia Agosti 1998 hadi Aprili 2007. Mhariri anayeweka "milioni 3.9" akamfuta mwenzake wa "milioni 5.4" huwa hajakuta uongo. Amekuta taarifa ya awali ya shirika lile lile, yenye tarehe ya mwisho iliyo nyuma zaidi.

Ila kuna tatizo zito kuliko tarehe. Watu hao milioni 5.4 hawakuhesabiwa mmoja mmoja, na wengi wao hawakupigwa risasi. Hivyo ni vifo vya ziada, yaani vifo vilivyozidi vile ambavyo vingetokea kama vita visingekuwapo. Chini ya asilimia 10 vilitokana na silaha. Vilivyobaki vilikuwa malaria, kuhara, nimonia, utapiamlo. Ili kupata ziada ni lazima kwanza ukubali kiwango cha kawaida, na hapo ndipo pande zinapoachana. Shirika lilitumia kiwango cha vifo 1.5 kwa kila watu 1,000 kwa mwezi, wastani wa Afrika kusini mwa Sahara. Mradi wa Human Security Report wa Chuo Kikuu cha Simon Fraser, Kanada, ukajibu kwamba Kongo ilikuwa na hali mbaya kuliko wastani huo hata kabla ya vita, na kwamba 2.0 ingefaa zaidi. Tofauti ya 0.5 inaonekana ndogo. Pigeni hesabu: kwa watu milioni 60, nusu mtu katika kila elfu ni watu 30,000 kwa mwezi, na katika miezi 72 wanapita milioni 2. Kwa kipindi cha Mei 2001 hadi Aprili 2007 pekee, badiliko hilo lilishusha makadirio kutoka milioni 2.83 hadi chini ya milioni moja. Mradi huo ulikosoa pia chunguzi mbili za mwanzo, ukisema maeneo yake hayakuteuliwa kwa namna inayoweza kuwakilisha mashariki yote.

Wanademografia wa Ubelgiji, André Lambert na Louis Lohlé-Tart, walikwenda njia nyingine kabisa. Walitumia sensa ya 1984 na uandikishaji wa wapiga kura, wakapata kiasi cha watu 200,000 kwa miaka ya 1998 hadi 2004. Hapo ndipo "laki mbili" ya mhariri wetu wa pili ilipotoka.

Mtu asiyejua haya akiona 200,000 na 5,400,000 atadhani mmoja ni mkanushaji na mwingine ni mtia chumvi, na matusi yataanza. Anayejua ataandika hivi ndani ya makala: "International Rescue Committee ilikadiria kuwa kati ya Agosti 1998 na Aprili 2007 kulikuwa na vifo vya ziada milioni 5.4, vingi kwa magonjwa na utapiamlo. Makadirio hayo yamepingwa na Human Security Report, hasa kwa sababu ya kiwango cha kawaida cha vifo kilichotumika; utafiti mwingine wa kidemografia ulipata kiasi cha 200,000 kwa 1998–2004." Katika kisanduku tusiweke namba moja. Tuweke "Makadirio yanatofautiana sana" na kiungo cha kumpeleka msomaji kwenye sehemu ya Vifo. Kisanduku hakina nafasi ya majibu matano, na kisichoweza kuelezwa humo kikae kwenye matini.

Wapo wanaoona kuandika hivyo ni kuwakosea heshima waliokufa. Tumelifikiria sana jambo hili, kwa kuwa majirani zetu ndio wanaolisema. Jibu letu ni kwamba namba kubwa isiyo na mwenyewe ndiyo rahisi kubomolewa. Siku mkanushaji akionyesha kuwa ilitegemea kiwango cha 1.5, msomaji asiyeambiwa lolote kuhusu kiwango hicho ataacha kuamini na yale mengine yote yaliyothibitishwa: taarifa ya Umoja wa Mataifa ya mwaka 2010, kwa mfano, iliyoorodhesha matukio 617 ya ukatili mkubwa nchini Kongo kuanzia Machi 1993 hadi Juni 2003.

Msijumlishe. Hili tunalirudia kwa kila mhariri mpya, na bado ndilo kosa linalokuja mara kwa mara. Kamusi elezo inaruhusu hesabu ya kawaida pale ambapo vitu ni vya aina moja: kama chanzo kimoja kinasema walikufa 12 kijiji hiki na 9 kijiji kile siku ile ile, kuandika 21 hakuna ubaya. Lakini kuchukua vifo vya ziada vya taarifa moja, ukaongeza waliouawa wa taarifa nyingine, ukaandika jumla ambayo hakuna mtafiti aliyewahi kuiandika, ni utafiti wako mwenyewe, na sheria ya kamusi elezo inaukataza. Unaweza pia kumhesabu mtu yule yule mara mbili bila kujua. Vivyo hivyo na takwimu za majeshi: mara nyingi hujumuisha waliokufa, majeruhi, waliotekwa na waliopotea katika namba moja. Anayetafsiri kutoka Kiingereza akiiandika namba hiyo yote kuwa "waliokufa", amewazika majeruhi na mateka. Fungua chanzo, utafute mgawanyo wake. Usipoupata, andika "waliokufa, kujeruhiwa, kutekwa au kupotea", hata kama sentensi itakuwa ndefu.

Vita vya Kagera vinafundisha jambo hilo hilo kwa namba ndogo. Takwimu inayonukuliwa sana kwa upande wa Tanzania ni wanajeshi 373 waliokufa, na kati yao 96 tu ndio waliokufa katika mapigano. Wengine walikufa katika mazingira mengine ya vita hivyo, ajali zikiwamo. Andika 96 bila maelezo na utaambiwa unadharau mashujaa waliolazwa katika makaburi ya Kaboya. Andika 373 chini ya "waliouawa na adui" na utakuwa umesema kisicho kweli. Raia wa Kagera waliouawa wakati wa uvamizi, ambao hutajwa kuwa kama 1,500, wanahitaji mstari wao wenyewe. Wakimezwa katika jumla moja na wanajeshi, wanapotea mara ya pili.

Kwa watu wa Kigoma na Tabora, makala ngumu kuliko zote ni zile za Vita vya Kwanza vya Dunia, na tunasema hivi ingawa hakuna shahidi aliye hai. Reli ya Kati ilifika Kigoma mwaka 1914, na vita vikaja mwaka ule ule. Meli ya Graf von Götzen ilizamishwa na Wajerumani wenyewe Julai 1916, ikaopolewa mwaka 1924 na kurudi majini mwaka 1927 ikiwa Liemba. Tabora ilitekwa na jeshi la Kongo ya Wabelgiji tarehe 19 Septemba 1916. Hayo yana tarehe, majina ya makamanda na picha. Wapagazi waliobeba risasi na chakula cha majeshi yote hayo hawana.

Kwa muda mrefu namba iliyonukuliwa kwa wapagazi wa upande wa Waingereza imekuwa kiasi cha 95,000. Aprili 2021, Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilitoa taarifa ya kamati maalumu ikikiri kuwa watu wasiopungua 116,000, na huenda hata 350,000, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa. Tangu hapo tumeona 350,000 ikiingizwa katika makala kama "wapagazi waliokufa Afrika Mashariki". Taarifa haikusema hivyo. Ilisema wengi wao walitoka Afrika Mashariki na Misri, na 350,000 ni ukomo wa juu wa walioachwa bila kumbukumbu. Pia mamlaka ya tume hiyo ni watu waliotumikia majeshi ya Milki ya Uingereza, waliokufa kati ya tarehe 4 Agosti 1914 na 31 Agosti 1921. Mnyamwezi aliyechukuliwa na Wajerumani kubeba mizigo mwaka 1915, au aliyekamatwa na Wabelgiji baada ya Tabora kuanguka, hayumo humo hata kidogo. Anayeandika kwamba namba hiyo inahusu wapagazi wote wa vita hivyo anawafuta watu wa hapa hapa, huku akidhani anawatetea.

Halafu kuna njaa. Njaa ya Ugogo iliyoitwa Mtunya, 1917 hadi 1920, ilifuata baada ya majeshi kuchukua nafaka, ng'ombe na vijana. Makadirio yanayonukuliwa ni watu kama 30,000. Je, ni waliokufa vitani? Tunaamini wanapaswa kutajwa katika makala ya vita, katika aya yao, kwa jina la njaa yao, na wasitiwe kwenye mstari wa wanajeshi. Mafua ya 1918 ndiyo yanayozua ubishi zaidi, kwa kuwa yaliua pia mahali ambapo jeshi halikufika. Hayo tunayaacha katika makala yake, isipokuwa mwanahistoria aliyechapisha ameyaunganisha na vita.

Tazama pia usahihi wa namba zenyewe. Katika Vita vya Majimaji, vilivyoanza wakati Götzen, yule ambaye meli iliitwa kwa jina lake, alikuwa gavana, upande wa Wajerumani unahesabiwa hadi mtu wa mwisho: Wazungu 15, askari Waafrika 73, wasaidizi wao 316. Upande wa pili serikali ya kikoloni ilisema 75,000, na mwanahistoria Gilbert Gwassa akakadiria 250,000 hadi 300,000. Ukiweka namba hizi bega kwa bega ndani ya kisanduku, msomaji anaona upande mmoja unajulikana na mwingine unabahatishwa, bila kuambiwa kwamba aliyehesabu ndiye aliyeua na kuchoma mashamba. Sentensi moja inayosema nani alitunza daftari na kwa nini inatosha kurekebisha hilo. Tunaomba isiondolewe kwa kisingizio cha "maoni binafsi". Kueleza chanzo cha takwimu ni sehemu ya takwimu.

Makala ya Burundi 1972 tunaihariri taratibu kuliko nyingine yoyote. Mauaji yalianza tarehe 29 Aprili kusini mwa nchi, kandokando ya ziwa letu, waasi wakiua Watutsi na maofisa. Kisha jeshi na vijana wa chama tawala wakawaua Wahutu kwa miezi kadhaa, wasomi kwanza. Makadirio ya jumla hunukuliwa kati ya 100,000 na 300,000. Ukifuta sentensi ya kwanza unaficha wafu, ukifuta ya pili unaficha wengi zaidi, na ukiandika moja kwa urefu na nyingine kwa maneno matatu kila msomaji wa Kirundi atajua umeegemea wapi. Jina la tukio nalo lina wenyewe. Taarifa ya Whitaker kwa Umoja wa Mataifa, 1985, iliyataja mauaji ya Wahutu ya 1972 miongoni mwa mauaji ya kimbari. Tume ya Ukweli na Maridhiano ya Burundi ilitamka hivyo Desemba 2021. Na tume ya uchunguzi ya Umoja wa Mataifa ya 1996, kuhusu mauaji ya Oktoba 1993, ilisema vitendo vya kimbari vilifanywa dhidi ya Watutsi. Andika yote matatu, kila moja na aliyetamka na mwaka wake. Tume hiyo ya Burundi ilipotangaza mapema mwaka 2020 kwamba imetambua zaidi ya makaburi ya halaiki 4,000 na wahanga zaidi ya 142,000, baadhi walikimbilia kufuta "300,000". Lakini waliotambuliwa ni wale ambao kazi ya tume ilikuwa imewafikia kufikia siku hiyo. Si kikomo cha waliokufa, na hesabu ya tume haikuwa ya 1972 peke yake.

Vifo vya juzi vina tabia yake: namba inakua ukiwa bado unaandika. Tarehe 7 Desemba 2017 kambi ya walinda amani ya Semuliki, Kivu Kaskazini, ilishambuliwa. Taarifa ya kwanza ilisema Watanzania 14. Baadaye uchunguzi wa Umoja wa Mataifa ukataja walinda amani 15 na mmoja aliyepotea. Aliyekuwa akitetea 14 kwa nguvu alikuwa na gazeti mkononi, na gazeti halikudanganya. Tarehe yake tu ilipitwa. Goma ilipoingiwa na waasi wa M23 mwishoni mwa Januari 2025, Umoja wa Mataifa ulitaja mwanzoni mwa Februari miili isiyopungua 900. Tarehe 5 Februari ikawa kiasi cha 2,900, yaani 2,000 waliokwisha kuzikwa na 900 waliokuwa vyumba vya maiti. Tarehe 24 Februari Waziri Mkuu wa Kongo, Judith Suminwa, akiwa Geneva, akasema zaidi ya 7,000. Ya mwisho ilikuwa ya mashariki ya nchi tangu Januari, si ya Goma pekee. Tulichokubaliana kwa matukio ya namna hii: kila namba iandikwe na "hadi tarehe fulani", katika siku za mwanzo neno "angalau" litumike pale chanzo kilipolitumia, na namba ya zamani isifutwe bali ihamishiwe kwenye matini, ili msomaji aone jinsi taarifa ilivyokua. Msemaji wa upande unaopigana atajwe kwa cheo chake. Anaweza kuwa anasema kweli, lakini si shahidi asiye na upande.

Sasa kazi yenyewe. Kabla ya kugusa namba, fungua historia ya ukurasa na usome muhtasari wa mabadiliko, kisha ukurasa wa majadiliano wote, hata wa miaka ya nyuma. Mara nyingi ubishi wako ulikwisha kuamuliwa na sababu ziko pale. Kisha fuata rejeo hadi chanzo cha kwanza. Tovuti ya habari inanukuu shirika, shirika linanukuu taarifa, taarifa inanukuu makala ya jarida: nenda mpaka ukutane na aliyehesabu, usome sehemu ya mbinu, hata kama ni kurasa mbili tu. Angalia tarehe za zile tovuti. Ikiwa namba iliingizwa kwenye kamusi elezo mwaka 2012 bila rejeo na gazeti likaiandika mwaka 2014, gazeti hilo huenda lilitunakili sisi. Kulitumia kama uthibitisho ni kujishuhudia mwenyewe. Nakala ya kurasa za taarifa hifadhi kwenye Internet Archive, maktaba ya kurasa za mtandao, siku ile ile, kwa sababu viungo vya mashirika ya misaada hufa mradi unapofungwa.

Vyanzo vingi vya Kongo na Burundi viko kwa Kifaransa, na hapa Kigoma tuna bahati ya watu waliosoma ng'ambo ya ziwa. Waombe wakusomee, lakini chunga uandishi wa namba: Kifaransa huandika 5,4 pale sisi tunapoandika 5.4, na 2 900 yenye nafasi pale sisi tunapoandika 2,900. Hati zilizopigwa picha kwa simu hupoteza alama hizo kirahisi, na kosa la namna hiyo huzidisha wafu mara kumi.

Ukibadilisha na mwenzako akatengua, usirudishe. Nenda majadiliano. Toleo la Kiingereza lina kanuni kwamba anayetengua zaidi ya mara tatu katika saa 24 kwenye ukurasa mmoja anaweza kufungiwa, na katika baadhi ya mada za vita zinazoendelea halimruhusu kuhariri asiye na akaunti ya siku 30 na hariri 500. Toleo la Kiswahili lina watu wachache na wakabidhi (wasimamizi wa tovuti) wachache, kwa hiyo kinga kubwa ni desturi yetu wenyewe kuliko adhabu. Ujumbe wa kwanza ndio unaoamua kama kutakuwa na mazungumzo. Huu hapa ni mfano unaofaa: "Ndugu, shikamoo kama ni mkubwa kwangu. Naona umeweka 7,000 kwa Goma. Chanzo chako ukurasa wa pili kinasema ni mashariki yote tangu Januari. Je, unakubali tuiweke kwenye makala ya mashambulizi yote, na hapa tubaki na 2,900 hadi tarehe 5 Februari? Nimeacha ulivyoandika mpaka utakapojibu." Una jambo moja, ukurasa wa chanzo, pendekezo na subira. Haumwiti mtu mpotoshaji, wala haumuulizi kabila.

Kuhusu kabila na uraia wa mhariri, hapa hatulegezi. Asilani usiseme "wewe ni wa upande ule ndiyo maana". Ukweli wa rejeo hautegemei kwao ni wapi, na katika mkoa wenye kambi za wakimbizi, kumtaja mtu asili yake hadharani kunaweza kumletea madhara ya kweli nje ya mtandao. Maneno ya namna hiyo mkabidhi ayafiche, na si kuyajibu tu. Mhariri ambaye tukio linamhusu ndugu zake tunamshauri aandike kwenye majadiliano na kumwachia mwingine aingize. Anayechagua njia hiyo apewe shukrani na asionekane amekubali kushindwa.

Mkishindwa kuelewana, alika mtu wa tatu ambaye hajawahi kugusa ukurasa huo. Swali liandikwe bila kuegemea: "Kisanduku kiwe na namba moja, kiwango cha chini na cha juu, au kiungo cha sehemu ya Vifo?" Swali la "je, tuendelee kuficha mauaji?" limekwisha kujijibu na halimleti mtu yeyote. Pangeni siku za kusubiri mapema, kwa kuwa wengi huhariri kwa simu na bando, na ukimya wa siku mbili haumaanishi kukubali. Uamuzi ukifikiwa, uandikwe juu kabisa ya ukurasa wa majadiliano pamoja na tarehe.

Linaloumiza ni majina. Watu huja na daftari: baba, kaka, jirani, kijiji, siku. Wanaomba waandikwe. Kamusi elezo haipokei orodha ya wafu wasiojulikana kwa umma, na haipokei ushuhuda ambao haujachapishwa, kwa sababu msomaji mwingine hana pa kuuhakiki. Kumwambia mtu hivyo na kuishia hapo ni ukatili. Mwonyeshe mlango unaopokea. Majina ya wapagazi na askari wa upande wa Waingereza yanaweza kupelekwa kwa Tume ya Makaburi ya Vita, ambayo tangu 2021 ina mpango wa kutafuta walioachwa. Ya Burundi, kwa tume ya nchi hiyo, kama mwenyewe anaona ni salama kwake. Kwa ya zamani, chuo au idara ya nyaraka inayohifadhi rekodi za sauti ni bora kuliko ukurasa wowote wa mtandao. Mradi wa utafiti wa Majimaji wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, mwaka 1968, ulituma wanafunzi kuwasikiliza wazee vijijini na kuyachapisha waliyoyasikia. Leo simulizi hizo ni rejeo halali katika kila lugha. Wazee wa Ujiji na wa Ulyankulu wanahitaji kazi ya namna hiyo ifanywe sasa, na mhariri mwenye simu nzuri na ruhusa ya msimulizi anaweza kuianza kwa kushirikiana na chuo. Jina la aliye hai lisiwekwe mtandaoni kamwe bila idhini yake.

Kuna kazi ya mwisho ambayo wengi huisahau. Namba iliyorekebishwa kwenye makala inaweza kubaki na kosa kwenye Wikidata, hazina ya data ya kamusi elezo, katika sifa P1120 (idadi ya waliokufa), ambako matoleo ya lugha nyingine huichukua yenyewe. Ingia huko pia, uweke kila kadirio kwa mstari wake, rejeo lake na tarehe yake, badala ya kufuta moja na kuacha jingine. Kisha rudi kwenye ukurasa wa majadiliano uandike siku uliyohakiki na taarifa ya mwisho uliyoisoma, ili anayefuata aanzie hapo.